Kwa nini kila kipele tunakidai sindano: historia ya ngozi zetu

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na ninyi kina baba mnaosoma kwa kujificha kwenye simu za wake zenu, karibuni. Niliahidi kuandika kuhusu vipele na vivimbe vya ngozi, vile visivyo na shida na vile ambavyo haifai kulala navyo nyumbani. Nitaandika kwa vipande kwa sababu nipo zamu wiki hii. Na nitaanza mbali kidogo, kwenye historia. Mnivumilie, mtaona kwa nini.

Mwaka jana mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka minne. Alikuwa ametoka mbali, amelipa bodaboda kwenda na kurudi. Mtoto alikuwa na vipele kumi na saba, tulivihesabu pamoja mimi na mama na mtoto mwenyewe akicheka maana anatekenywa. Vilikuwa ubavuni na chini ya kwapa. Vidogo, vigumu kidogo, vinang'aa, na kila kimoja kina kishimo katikati kama kitovu. Mtoto hana homa, anakula, anacheza. Tabibu akamwangalia vizuri, akauliza maswali yake, akapima alichotaka kupima, akasema: hivi vya kawaida mama, vitaondoka vyenyewe, ila vinaweza kuchukua hata mwaka.

Mama akatoka nje, akanishika mkono pale mlangoni. "Sista, yaani nimetoka kote huko unirudishe hata sindano moja hamna?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimwambia tu, mama, daktari ameshasema. Jibu la mkato, jibu la mtu aliyechoka. Usiku nikawa namfikiria kwa sababu jibu la namna hiyo nimeshaona linapofikia. Kuna mama mwingine, kabla ya huyu, aliambiwa hivyo hivyo kwamba vipele vitaisha vyenyewe. Akaondoka na hasira, akampeleka mtoto kwa mtu anayechoma watu sindano nyumbani kwake. Vipele havikwenda popote. Paja ndilo lililotunga usaha, tukaja kulipasua, mtoto akalia hadi sauti ikakauka.

Sasa najiuliza, hii imani ya kwamba kipele dawa yake sindano tumeitoa wapi? Wala sio ujinga. Imetoka mahali, na mahali penyewe napajua kwa sababu bibi yangu alikuwa na alama yake mguuni.

SEHEMU YA 2

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa upande wa Kilosa, akaolewa huku kwetu Kibakwe. Hadi tunamzika alikuwa na kovu pana, laini, chini ya goti. Tukimuuliza ni nini alikuwa anasema neno moja: "Buba."

Wengi wenu mmelisikia neno hilo kwenye matusi tu. Buba ni ugonjwa wa ngozi unaoletwa na bakteria ambaye ni ndugu wa karibu wa yule wa kaswende, lakini buba haiambukizwi kwa ngono. Inapita ngozi kwa ngozi, hasa kwa watoto wanaocheza pamoja miguu wazi, na inapenda sehemu za joto lenye unyevu. Inaanza kipele kimoja, mara nyingi mguuni. Kinanenepa, kinapasuka, kinakuwa kidonda chekundu chenye chengachenga juu yake kama forosadi. Miezi inapita, vinatokea vingine mwili mzima. Usipotibiwa, miaka mingi baadaye inakuja kushika mifupa, inakula pua, nyayo zinapasuka hadi mtu anatembea kwa pembeni ya mguu. Buba haikuwa inaua sana, ilikuwa inaharibu watu.

Dawa za mitishamba zilikuwepo, na kuunguza vidonda kulikuwepo, na havikusaidia sana. Mdudu mwenyewe alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1905, na daktari Mwitaliano aitwaye Aldo Castellani akiwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1910 Wajerumani wakatoa dawa ya sindano iliyotengenezwa kwa aseniki, ikiitwa Salvarsan. Ilifanya kazi ila bei yake haikuwa ya watu wa kijijini. Baada ya vita ya kwanza ya dunia Waingereza wakaichukua Tanganyika, na miaka ya 1920 serikali na hospitali za misheni wakaanza kutumia sindano nyingine ya bei nafuu zaidi, ya madini yanayoitwa bismuthi.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mama wa wakati ule. Mtoto ana vidonda miezi sita, nzi wamejaa, halali. Umejaribu kila kitu. Unasikia kuna mzungu au msaidizi wake anachoma sindano. Unatembea siku mbili umembeba mgongoni. Anachomwa mara moja, na ndani ya siku chache vidonda vinakauka mbele ya macho yako. Hakuna kitu chochote hospitalini kabla ya hapo kilichokuwa kimefanya kazi waziwazi namna ile. Watu waliokuwa wanaikwepa tiba ya kizungu walianza kupanga foleni wenyewe, na walichokuwa wanakiomba kina jina moja: sindano. Wanaoandika historia ya tiba Afrika Mashariki wanakubaliana kwenye hili, kwamba buba ndiyo iliyotufundisha kuiamini sindano.

Na tatizo tunaloliona leo lilianza pale pale. Ile bismuthi ilitakiwa mtu arudi achomwe tena na tena. Vidonda vikikauka baada ya sindano ya kwanza au ya pili, wengi hawakurudi. Ugonjwa ukabaki ndani, baadaye ukaibuka upya. Ukisikia nesi anasisitiza "maliza dozi hata ukijisikia umepona", ujue hilo ni somo la miaka mia moja.

Kisha ikaja penisilini. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni kwenye nchi 46, wakatibu karibu watu milioni 50, na safari hii sindano moja ilitosha. Buba ilipungua duniani kwa asilimia kama 95. Bibi alikuwa msichana wakati huo. Anasema walipangwa mstari, wasichana upande wao, akalia kabla hata hajafikiwa, na mdogo wake akamcheka hadi na yeye alipofikiwa.

Kwa hiyo mama anaponiambia "hata sindano moja hamna", ananieleza jambo ambalo bibi yake alimwambia mama yake, na lilikuwa kweli. Sisi manesi huwa tunawacheka, tunawaita "mama sindano" tukiwa kwenye chai. Mimi nimeacha.

Ila kuna kitu bibi hakuwahi kukisikia. Tangu mwaka 2012 hata buba yenyewe hutibiwa kwa dawa ya kumeza, azithromaisini, dozi moja tu. Ugonjwa uliotufundisha kupenda sindano wenyewe umeshaacha kuhitaji sindano!

SEHEMU YA 3

Turudi kwa yule mtoto wa vipele kumi na saba.

Kipele chenye kitovu kinawatisha sana wazee. Mwenye umri wa miaka sabini na kuendelea akikiona anaweza kushika kichwa, kwa sababu ndui nayo ilikuwa na malengelenge yenye kishimo katikati. Wanaoikumbuka ndui wana haki ya kuogopa. Aina yake kali iliua karibu watu watatu katika kila kumi walioipata, na waliobaki ilichora nyuso zao, wengine ikawapofusha. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa kuambukizwa mtaani alikuwa jirani yetu, Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Oktoba 1977. Alipona. Baadaye alikuja kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio nchini kwake hadi alipofariki 2013. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangazwa kuwa haina ndui tena. Kwa hiyo bibi akipiga kelele "ndui!", mtulize. Haipo.

Lakini wazee hawajakosea sana, na hii naipenda. Vile vipele vya mtoto, kitaalamu vinaitwa moluskamu, vinaletwa na kirusi cha ukoo ule ule wa ndui. Kwenye ukoo huo kulikuwa na virusi viwili ambavyo makazi yao ni binadamu peke yake: ndui na huyu. Ndui ameondolewa. Amebaki huyu mpole, ambaye anakaa kwenye ngozi ya juu tu, haingii damuni, hashiki kichwa wala mapafu.

Anaambukiza kwa kugusana, kwa taulo moja, kwa kuoga beseni moja. Mtoto anaweza kwenda shule, anaweza kucheza, funika vipele kwa nguo na taulo lake liwe lake. Usivikamue, usivikate kwa wembe, usiviunguze kwa dawa za betri wala utomvu wa mti. Ukikikamua kimoja unakipanda pembeni vingine vitano, na kovu la kuunguza litabaki maisha yote wakati kipele chenyewe kingeondoka bila alama. Na kuna jambo linalowachanganya kina mama wengi: vikikaribia kuondoka huwa vinavimba na kuwa vyekundu. Unadhani vimeharibika kumbe mwili umeshtuka, umemtambua adui, unapigana. Vikiwa hivyo bila homa, subiri. Vikitoa usaha, wekundu ukatambaa kuzunguka, mtoto akapata homa, njoo. Kikiwa kwenye ukingo wa jicho, njoo.

Na hapa niseme jambo bila kuzunguka. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na baada ya hapo madaktari waligundua kwamba vipele hivi hivi vikiwa vingi mno, vikubwa, vimejaa usoni, hasa kwa mtu mzima, vinaweza kuwa ni kinga ya mwili imeshuka. Ndo maana tabibu anaweza kuomba kipimo. Mama akiambiwa hivyo huwa anaona ametukanwa. Hujatukanwa. Kwa mtoto mwenye vipele kumi na saba ubavuni na afya njema, karibu kila mara ni vipele tu. Tunapima ili tusikisie.

Nipite haraka kwenye vingine, maana mnaniuliza sana. Vile vidoa vyeupe kama punje za mtama kwenye pua na mashavu ya kichanga havina shida, vinaondoka ndani ya wiki chache, usivisugue na kitambaa. Harara ya joto inataka mtoto avuliwe masweta. Jamani, Oktoba ya Dodoma mtoto ana kofia ya sufi! Sunzua nazo nyingi huondoka zenyewe, ingawa zinaweza kuchukua miaka. Kivimbe laini chini ya ngozi ya mtu mzima kinachoteleza ukikibonyeza na ambacho hakijabadilika kwa miaka mara nyingi ni mafuta tu, ila aliyesomea akiguse mara moja athibitishe. Kovu linalonenepa baada ya kutoboa sikio sio saratani. Usilikate kwa kienyeji, litarudi kubwa kuliko mwanzo. Vipele vinavyowasha usiku kwa familia nzima, kwenye vidole na kiunoni, huo ni upele, na nyumba nzima inatibiwa siku moja, sio mtoto peke yake.

SEHEMU YA 4

Nimeahirisha sehemu hii mara mbili.

Nilikuwa na miezi minane kazini, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Akaja mama na mvulana wa miaka sita, shavu moja limevimba chini, kwenye taya. Mama akasema ni jino. Nikamfungua mdomo, nikaona meno ya nyuma yanacheza, nikasema ni kweli, jino. Nilimwandikia arudi siku ya daktari wa meno, wiki inayofuata. Hakuwa na homa. Hakuwa analia maumivu. Hilo lilipaswa kunishtua, kwa sababu jino bovu lililovimbisha shavu kiasi kile mtoto angelia usiku kucha. Mimi nilifurahi kwamba halii.

Hawakurudi wiki iliyofuata, nauli ilikosekana. Walirudi baada ya wiki tatu. Uvimbe ulikuwa mara mbili, na jicho la upande ule limeanza kusukumwa nje.

Daktari aliyekuwepo siku hiyo hakunigombeza. Alimtazama mtoto, akaandika rufaa palepale, kisha akaniita pembeni akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za Burkitt. Nilikuwa nimesoma jina darasani, nikajibu mtihani, nikasahau. Tangu siku ile sijasahau, na nataka na ninyi mjue.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja. Lile jingine alilipoteza akiwa mtoto wa miaka kumi na moja. Alifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Maambukizi hayashiki pembe zote nne za taya kwa wakati mmoja. Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, akatupa macho dirishani akaona mtoto mwingine amekaa kwenye nyasi na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka nje kumwangalia. Akakuta taya, na akakuta uvimbe mwingine tumboni.

Mara moja ingekuwa ajabu. Mara mbili kwake ikawa swali. Akafungua mafaili ya watoto waliokufa kwa saratani Mulago, akakuta taya na tumbo vinajirudia pamoja, vikiwa vimeandikwa majina tofauti tofauti kwa sababu kila daktari aliona kipande chake. Mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza. Kisha akafanya kitu rahisi: akachapa vipeperushi vyenye picha za watoto hao, akavituma kwa posta kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza, mmewahi kuona hiki? Majibu yakarudi, akawa anachomeka pini kwenye ramani. Zikatengeneza mkanda katikati ya Afrika, wenye mkia unaoteremka kuelekea Msumbiji.

Oktoba 1961, miezi ile Tanganyika inajiandaa kwa uhuru, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakaondoka Kampala kuelekea kusini hadi Afrika Kusini. Wiki kumi, karibu kilomita 16,000, zaidi ya hospitali 50. Kila walipofika waliuliza swali lile lile na kuonyesha picha zile zile. Walichogundua ni kwamba uvimbe huu hauonekani kwenye milima mirefu, haupo kwenye baridi, na haupo kwenye ukame mkali, chini ya milimita 500 hivi za mvua kwa mwaka. Ulikuwa unafuata sehemu zilezile zinazosumbuliwa na malaria mwaka mzima. Na huko London, Anthony Epstein, aliyemsikiliza Burkitt akitoa mhadhara mwaka huo huo, aliomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kuwa wameona ndani yake kirusi kipya. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na kilitoka kwenye taya za watoto wa Afrika Mashariki.

Sasa angalieni ramani ile na sisi tuko wapi. Dodoma mvua zetu zinazidi ile milimita 500 kidogo tu. Kanda ya Ziwa na Pwani uvimbe huu wanaujua vizuri, manesi wao wanaunusa mlangoni. Sisi tuko ukingoni. Unakuja mara chache, na ndo maana ni rahisi mtu kama mimi kusema "jino".

Yule mtoto alitibiwa. Saratani hii inakua haraka kuliko karibu nyingine zote, uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache, lakini kwa sababu hiyo hiyo inayeyuka haraka ikipata dawa. Burkitt mwenyewe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona watoto wakipona kwa dripu na vidonge bila kisu. Leo watoto hawa wanatibiwa Muhimbili, wanatibiwa Bugando, na wengi wanaowahi wanapona. Huyu wetu yuko sekondari. Jicho moja halioni.

Mama yake hajawahi kunilaumu. Tukikutana sokoni tunasalimiana, ananiuliza habari za nyumbani.

SEHEMU YA 5

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuyaheshimu yale maswali ambayo tunawauliza mlangoni hadi mnaona tunawachelewesha. Kimeanza lini? Kimekua? Kinauma? Pana ganzi? Kila swali lina historia yake.

La ganzi limetoka kwenye ukoma. Wazee wa Dodoma wanaijua Hombolo. Vijana mnajua bwawa la Hombolo na samaki, lakini kwa wazee Hombolo ilikuwa ni mahali palipowekwa watu wenye ukoma, chini ya Kanisa la Anglikana. Mtu akipelekwa huko familia nyingine zilikuwa zinamlilia kama msiba. Mdudu wa ukoma aligunduliwa na Mnorwe, Gerhard Hansen, mwaka 1873. Ilichukua miaka mingi kupata dawa ya kumfaa, na tangu miaka ya 1980 tunatumia mchanganyiko wa dawa wa vidonge ambao unaponya kabisa ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili. Bure. Nchi yetu ina mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma tangu 1977, na bado wagonjwa wapya wanapatikana.

Ukoma unaanza kimya. Baka lililopauka ambalo haliwashi wala haliumi, au vinundu kwenye ndewe za masikio na usoni. Kwenye baka mtu wa kawaida anafurahi kwamba haliumi. Mwambie mtoto afumbe macho, mguse pembeni ya baka kwa uzi wa pamba, kisha juu ya baka, aonyeshe kidole ulipogusa. Asipoonyesha, njoo naye. Hakuna anayepelekwa kuishi Hombolo siku hizi. Unapewa vidonge unarudi nyumbani.

Swali la kidonda kisichopona linawahusu zaidi ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua letu la hapa kati haliwaachi. Kipele chenye gamba usoni, sikioni, midomoni, ambacho kinatoka damu, kinakauka, kinarudi, mwezi mzima hakijafunga, hicho hakisubiri. Moshi, pale KCMC, kuna chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa 1992 kinachofundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika, na hapo hapo wamekuwa wakitengeneza mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili ya wenye ualbino. Ulizeni kwenye hospitali ya wilaya yanavyopatikana.

Na msifikiri weusi wetu unatukinga na kila kitu. Bob Marley mnamjua wote. Mwaka 1977 alikuwa na doa chini ya kucha ya kidole cha mguu, ikadhaniwa ni kuumia kwenye mpira. Ilikuwa saratani ya ngozi, ile ambayo kwa watu weusi inapenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Doa jeusi jipya la unyayoni linalotanuka, lionyeshe.

Tezi la shingo nalo. Mtoto akiwa na mafua au kidonda kichwani tezi huvimba, na baada ya wiki mbili tatu hurudi. Likipita mwezi, au likawa gumu limeshikana kama limegundishwa, au mtoto anakonda, anatoka jasho usiku, anakohoa, hapo tunatafuta kifua kikuu na mengineyo. Na kichanga chini ya miezi miwili mwenye vipele vya usaha ambaye pia hanyonyi vizuri au ana homa, usisubiri kukuche. Panda chochote kinachotembea.

SEHEMU YA 6

Yule mama wa vipele kumi na saba alirudi. Ilikuwa siku ya kliniki, amemleta mdogo wake kwa chanjo ya surua na rubela, na yule mkubwa amemfuata nyuma ameshika kanga. Nilimwita pembeni, nikamwomba radhi kwa lile jibu langu la siku ile, nikamsimulia habari za buba na za mguu wa bibi. Akacheka. Akasema bibi yake pia alikuwa na kovu kama hilo, ila wao waliambiwa alimwagikiwa uji.

Tukamvua mtoto shati, tukahesabu tena wote watatu. Vimebaki vitatu, na viwili kati ya hivyo vimeshaanza kuwa vyekundu. Mama akaniuliza, "Hivi vyekundu ndo vinaondoka, eeh?" Nikamwambia ndiyo. Akamvisha mtoto shati, akarudi kwenye foleni ya chanjo, na mdogo alipochomwa ile sindano alilia kweli kweli.